Mgeni njoo, mwenyeji apone: Jinsi maua yanavyogeuka makao na wachavushaji wanapobadilika

IKIWA umewahi kupita Gatongora, katika eneobunge la Ruiru, siku chache baada ya mvua kukata kiangazi, yamkini umeiona mibuni michache iliyosalia ikiwa imevikwa maua meupe pe, yenye harufu inayokaribia ile ya asumini. Maua hayo hayadumu. Hufunguka alfajiri na baada ya siku mbili hivi huanza kunyauka. Kando yake husimama nyumba za mawe za kukodisha, ploti zilizozungushiwa mabati na barabara za vumbi zinazongoja lami.

Kwa miongo mingi ardhi iliyo kati ya Nairobi, Ruiru na Thika ilitawaliwa na kahawa, mkonge na mananasi. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka wa 2012, mwendo wa kwenda jijini ukafupika na watu wakamiminika. Sensa ya mwaka wa 2009 iliuhesabu mji wa Ruiru kuwa na watu 238,858. Sensa ya 2019 ikahesabu watu 490,120. Idadi hiyo ilizidi maradufu katika muda wa miaka kumi tu.

Wengi huyapima mabadiliko hayo kwa bei ya ploti. Lakini yapo mengine yasiyopigiwa kelele, nayo ni yale yanayoyapata maua. Kichaka kinapofyekwa, mto unapobanwa na majengo na dawa inaponyunyizwa, wadudu na ndege waliokuwa wakiyatembelea maua hupungua au huhama. Mmea hauwezi kuhama pamoja nao. Hubaki palepale, na kizazi baada ya kizazi hugeuka, ama hutoweka. Makala haya yanaeleza jinsi mgeuko huo unavyotokea, na kwa nini kahawa ya Ruiru ni ushahidi mkubwa wa faida na hasara zake.

Kazi ya mgeni

Ili mmea wa maua upate mbegu, sharti chavua, yaani ule unga unaotoka katika viungo vya kiume vya ua, ifike katika kiungo cha kike. Kazi hiyo huitwa uchavushaji. Ipo mimea inayotumia upepo, kama vile mahindi na nyasi. Lakini kadirio lililotolewa na wanasayansi mwaka wa 2011 lilionyesha kwamba takriban asilimia 88 ya spishi za mimea ya maua duniani hutegemea wanyama kwa namna fulani. Nyuki ndio mashuhuri zaidi, nao wana spishi zaidi ya 20,000. Wengine ni vipepeo, nondo, nzi, mende, ndege na popo.

Mgeni haji bure. Huvutwa na mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya ua, au huja kuitafuta chavua yenyewe aile. Anapokula hupakwa chavua mwilini, kisha huipeleka kwenye ua jingine pasipo kukusudia. Hapo ndipo wahenga walipolenga waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kila mgeni ana macho yake, pua yake na ulimi wake. Mmea unaomvutia mgeni mwenye bidii hupata mbegu nyingi kuliko jirani yake, na sifa zilizomvutia mgeni huyo hurithiwa na miche. Baada ya vizazi vingi, ua huchukua sura inayomfaa mgeni wake. Hakuna ua linaloamua kubadilika. Linalotokea ni kwamba wale waliozaa sana ndio walioacha wajukuu.

Dalili za jambo hili zimetapakaa katika nyanda za kati za Kenya. Mti wa muhuti huchanua maua mekundu wakati ambapo mara nyingi umekwisha kupukutisha majani. Wekundu huo huonekana kutoka mbali na humwita chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye hunywa mbochi yake na kuondoka na chavua. Ndege hanusi sana, kwa hiyo ua la muhuti halina haja ya harufu kali.

Mti wa muratina, ambao tunda lake kubwa hutumika katika utengenezaji wa pombe ya kienyeji ya jina hilohilo, umefuata njia tofauti. Maua yake mapana, yenye rangi ya damu ya mzee, huning'inia kwenye vikonyo virefu mbali na matawi. Hufunguka usiku na kutoa harufu isiyompendeza binadamu. Mgeni wake ni popo, ambaye huhitaji nafasi ya kuruka bila kugonga matawi.

Nao mpapai huwa na miti ya kiume na ya kike. Mwanasayansi Mkenya Dino Martins na mwenzake Steven Johnson walichunguza mipapai katika Bonde la Kerio, na mwaka wa 2009 wakachapisha matokeo yao. Waligundua kwamba wachavushaji wakuu wa mpapai ni nondo wakubwa wanaoruka kwa kasi wakati wa magharibi, na kwamba umbali kutoka kwenye vichaka vya asili, pamoja na hali ya vichaka hivyo, uliathiri uchavushaji huo. Nondo hao hulelewa vichakani wakiwa viwavi. Anayefyeka kichaka chote ili apate nafasi ya mipapai huenda anawafukuza wakunga wa mipapai yake mwenyewe.

Mukuyu na nyigu wake

Ipo mimea iliyofungamana na mgeni mmoja hata isiweze kuzaa bila yeye. Mfano mzuri ni mukuyu, mti ambao jina la Agikuyu huhusishwa nao. Tini la mukuyu si tunda la kawaida. Ni mfuko uliojaa maua madogo mamia kwa mamia, yakiwa yameelekea ndani. Nyuki hawezi kuyafikia.

Anayeyafikia ni nyigu jike mdogo kuliko sisimizi, anayejulikana kwa jina la kisayansi kama Ceratosolen arabicus. Hupenya kwenye kitundu chembamba cha tini, na mara nyingi hupoteza mabawa yake humo mlangoni. Huwa amebeba chavua katika vifuko vilivyo kifuani mwake. Akiwa ndani huyachavusha maua, hutaga mayai katika baadhi yake, kisha hufa. Maua mengine huzaa mbegu. Watoto wake wa kike wanapokomaa hukusanya chavua na kutoka kwenda kutafuta tini jingine. Undugu huu wa mitini na nyigu umedumu kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

Je, mukuyu ukihamishwa na nyigu wake akaachwa nyuma? Historia imekwisha kulijibu swali hilo. Mti huo ulifika Misri zamani sana na ukapendwa na Mafirauni, lakini nyigu huyo hakustawi huko. Matini ya Misri yakakosa mbegu. Wakulima wakajifunza kuupanda mti kwa vipandikizi na kuyachanja matini kwa kisu ili yaive. Kwa maelfu ya miaka mkono wa mwanadamu ndio uliouendeleza mti huo. Ni uhai, lakini ni uhai wa kukopa: mti usiozaa mbegu hauleti sura mpya duniani, bali hurudia sura ya mzazi wake daima.

Makao nayo yana neno

Si mgeni peke yake anayeunda mmea. Ardhi, maji na baridi navyo vina neno. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye Thika huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini. Juu kabisa, mahali ambapo ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku, huota lobelia kubwa za aina mbili zilizo ndugu wa karibu.

Lobelia ya kwanza, iitwayo telekii, hukaa kwenye miteremko mikavu yenye mawe. Hukua miaka mingi bila kuchanua. Kisha hutoa mkungu mmoja mkubwa wa maua, humwaga mbegu zake zote, na kufa. Ya pili, ambayo kwa muda mrefu iliitwa keniensis, hukaa kwenye mabonde yenye unyevu. Yenyewe huchanua, hupumzika kwa miaka kadhaa, kisha huchanua tena kwa sababu ina vichwa kadhaa vilivyoungana kwenye shina moja.

Mtafiti Truman Young, aliyezichunguza lobelia hizo tangu miaka ya 1970, alieleza kwamba tofauti hii imetokana na makao. Palipo na ukavu, mmea ulioponea mara moja hauna hakika ya kuishi hadi mara ya pili, kwa hiyo unaotumia akiba yake yote kwa mkupuo mmoja huacha wazao wengi zaidi. Palipo na maji ya kutosha, inafaa kuweka akiba. Hatua chache kati ya mteremko na bonde zimetosha kutenganisha desturi mbili za maisha.

Basi funzo la kwanza ni hili: makao yakibadilika, hata kama mgeni ni yuleyule, mmea utabadilika. Na vyote viwili vikibadilika kwa pamoja, kama ilivyo katika viunga vya miji yetu, shinikizo huwa maradufu.

Mgeni akikosekana

Mmea uliopoteza mgeni wake una njia tatu za kunusurika. Ya kwanza ni kumpata mgeni mwingine na, baada ya vizazi vingi, kugeuza rangi, umbo au harufu ili kumridhisha. Ya pili ni kujichavusha wenyewe, yaani chavua ya ua iangukie kiungo cha kike cha ua hilohilo. Ya tatu ni kuacha mbegu na kuzaana kwa vichipukizi.

Njia ya kwanza ilithibitishwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi. Mwaka wa 2017 watafiti Daniel Gervasi na Florian Schiestl walitoa matokeo ya jaribio lao juu ya mmea wa jamii moja na sukumawiki na kabeji, ambao hukua upesi sana. Waliugawa katika makundi. Kundi moja lilichavushwa na nyuki wakubwa wenye manyoya, jingine na nzi wa maua, na jingine kwa mkono. Baada ya vizazi tisa tu tofauti zilikuwa dhahiri. Mimea ya nyuki ilikuwa mirefu na yenye harufu nyingi zaidi. Mimea ya nzi ilikuwa mifupi, yenye harufu hafifu, na iliyojichavusha zaidi, kwa kuwa nzi si hodari wa kazi kama nyuki.

Jambo lililowashangaza wengi ni kasi yenyewe. Tulizoea kufundishwa kwamba mageuko ya viumbe huhitaji mamilioni ya miaka. Hapa vizazi tisa vilitosha.

Njia ya pili imeonekana nje ya maabara. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 wanasayansi wa Ufaransa walitangaza uchunguzi wao juu ya ua dogo la mashambani liotalo karibu na jiji la Paris. Walizichukua mbegu zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaziotesha pamoja na mbegu zilizokusanywa mahali palepale mwaka wa 2021. Hivyo mababu na wajukuu wakachanua bega kwa bega. Maua ya wajukuu yalikuwa madogo kwa asilimia 10 na yalitoa mbochi pungufu kwa asilimia 20. Kiwango cha kujichavusha kilikuwa kimepanda kwa asilimia 27. Nyuki walipoachiwa wachague, waliyapenda zaidi maua ya mababu.

Maana yake ni nzito. Nyuki wanapopungua, mmea unaotumia sukari yake kuwaandalia karamu wageni wasiokuja hupata hasara. Ule unaobana matumizi na kujichavusha huacha mbegu nyingi zaidi. Lakini kadiri maua yanavyopunguza mbochi, ndivyo nyuki waliosalia wanavyozidi kukosa chakula. Huo ni mzunguko ambao kuuvunja ni vigumu.

Ama njia ya tatu, msafiri huiona wazi akipita katika mashamba ya mananasi ya Thika. Nanasi lina asili ya Amerika Kusini, na huko huchavushwa na ndege wavumaji, ambao hawapo Afrika. Zaidi ya hayo, mananasi tunayolima hayakubali chavua ya nafsi yake, na shamba zima hupandwa machipukizi yaliyo nakala ya mmea mmoja. Ndiyo sababu tunakula nanasi lisilo na mbegu. Kwa mlaji ni neema. Kwa mmea, ni kusimama mahali pamoja: ugonjwa unaoliweza nanasi moja una uwezo wa kuliweza shamba zima.

Kahawa iliyojitosheleza

Turudi sasa kwa mbuni wa Gatongora, kwa maana nao una kisa chake.

Spishi nyingi za kahawa duniani haziwezi kujichavusha. Robusta, kwa mfano, hukataa chavua yake yenyewe na hungoja ya mti mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Arabika, ile inayolimwa Ruiru, Nyeri na Kirinyaga, ni tofauti. Ilizaliwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita kwa kukutana kwa spishi mbili: robusta, na nyingine iitwayo eugenioides, ambayo bado huota mwituni katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikiwemo magharibi mwa Kenya. Kila mzazi alikuwa na kromosomu 22. Mtoto akawa nazo 44, na akawa na uwezo ambao wazazi wake hawakuwa nao, wa kujichavusha. Leo karibu maua tisa kati ya kumi ya arabika hujichavusha.

Uwezo huo ulikuwa baraka. Mmea unaojichavusha huweza kuanzisha ukoo mahali papya hata ukiwa peke yake. Mbegu chache zilizotoka Ethiopia hadi Yemen, na kutoka Yemen hadi visiwa na makoloni ya mbali, zilitosha kuijaza dunia mibuni. Kahawa ilipandwa na wamishonari wa Kifaransa huko Bura, Taita, mwaka wa 1893, na baadaye ikafika karibu na Nairobi. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa maabara za Scott, Kabete, walichagua aina za SL28 na SL34 zilizoipatia kahawa ya Kenya sifa ulimwenguni. Kwa sababu mibuni hujichavusha, mkulima aliyezipanda mbegu hizo alikuwa na hakika kwamba mche utafanana na mama yake.

Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na anayejitegemea mwenyewe tu naye huweza kufa maskini kwa namna yake. Ukoo usiopokea damu ya nje hupungukiwa na tofauti. Mwaka wa 1922 uligunduliwa nchini Kenya ugonjwa wa chulebuni, unaosababishwa na kuvu na ambao huoza matunda mabichi ya kahawa mtini. Katika miaka yenye mvua nyingi ugonjwa huo huweza kuangamiza hadi asilimia 80 ya mavuno. SL28 na SL34, zilizosifiwa kwa ladha, hazikuwa na kinga ya kutosha. Wakulima walilazimika kunyunyiza dawa mara kwa mara kwa gharama kubwa, na chulebuni ilipovuma upya mwishoni mwa miaka ya 1960, ikabainika kwamba dawa peke yake haingetosha.

Mkono wa mwanadamu mjini Ruiru

Dawa ya kudumu ilitafutwa katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, mwendo mfupi kutoka Gatongora. Kuanzia mwaka wa 1971 wataalamu walianza kuikusanya tofauti ambayo mibuni ya Kenya ilikuwa imeikosa. Walitumia Rume Sudan, kahawa iliyotoka katika uwanda wa Boma, Sudan Kusini, mahali ambapo arabika huota mwituni. Walitumia pia kizazi cha mbuni wa kisiwa cha Timor, ambako arabika na robusta zilikutana zenyewe shambani na kuzaa mtoto mwenye kinga. Kwa maneno mengine, walikwenda kuitafuta kinga pale ambapo mimea ilikuwa bado imechanganyika na pori lilikuwa bado limesimama.

Matokeo yake yalikuwa Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985. Ni mbuni mfupi unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa kuwa ni mfupi, mkulima huweza kupanda takriban mibuni 2,500 kwa hekta, badala ya 1,330 ya aina za zamani.

Hata hivyo Ruiru 11 ilikuja na sharti. Mbegu yake ni chotara wa kizazi cha kwanza. Ikiokotwa tu shambani na kuoteshwa, miche haitafanana na mama yake. Kwa hiyo ilibidi wafanyakazi wayafuate maua ya mti mama kabla hayajafunguka, wayaondoe viungo vya kiume kwa uangalifu, kisha walete chavua ya mti baba kwa mkono, ua baada ya ua. Watu hao walikuwa wakiifanya kazi ya nyuki, tena kwa mshahara. Haishangazi kwamba kwa miaka mingi miche ya Ruiru 11 haikuwatosheleza wakulima, hata ikabidi kutafutwa njia nyingine kama vile kupandikiza na kukuza miche maabara.

Mwaka wa 2010 kituo hicho kilitoa aina nyingine, Batian, iliyopewa jina la kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Hiyo ni ndefu, ina kinga, na mbegu zake hufuata sifa za mzazi, hivyo mkulima hahitaji mchavushaji wa mshahara. Lakini nayo isingalipatikana pasipo ule mchanganyiko wa mwanzo.

Wala tusidhani kwamba mbuni unaojichavusha hauna faida yoyote na nyuki. Utafiti uliofanywa kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka wa 2014 uliyalinganisha maua yaliyofunikwa na yale yaliyoachwa wazi. Wachavushaji waliongeza uzito wa matunda ya kahawa kwa asilimia 7, nao ndege na popo wanaokula wadudu waharibifu waliongeza idadi ya matunda yaliyoshika kwa asilimia 9. Mbuni wenyewe haujawasahau wageni wake. Mbochi yake ina kafeini kidogo, na majaribio yaliyotangazwa mwaka wa 2013 yalionyesha kwamba nyuki wanaoonja kafeini huikumbuka harufu ya ua kwa muda mrefu zaidi.

Miti haina haraka

Mtu huenda akauliza: ikiwa mimea huweza kugeuka upesi hivyo, kwa nini tuwe na wasiwasi? Si itajirekebisha yenyewe?

Jibu limo katika urefu wa kizazi. Magugu ya kando ya barabara huota, huchanua na kumwaga mbegu mara kadhaa katika mwaka mmoja. Vizazi tisa kwake si kitu. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Muhuti, muratina na mukuyu huhitaji muda mrefu zaidi, na mti mmoja huweza kuishi kupita umri wa mtu aliyeupanda. Mtaa unaogeuka kutoka shamba hadi mji katika miaka kumi haumpi mti hata nafasi ya kizazi kimoja.

Kwa hiyo kinachobaki si mkusanyiko uleule wa mimea uliojirekebisha. Hubaki mimea yenye haraka: inayojichavusha, inayoridhika na mgeni yeyote, au isiyohitaji mgeni kabisa. Mimea yenye wageni maalumu hutoweka ikiwa bado inawangoja. Mti wa zamani huweza kusimama na kuchanua kila mwaka, watu wakadhani u salama, kumbe hakuna hata mche mmoja uliochipuka chini yake.

Hasara hii inamgusa hata anayekunywa kahawa pasipo kumiliki mbuni. Mwaka wa 2019 wanasayansi waliozichunguza spishi 124 za kahawa zilizojulikana wakati huo walitangaza kwamba asilimia 60 kati yake zilikuwa katika hatari ya kutoweka. Miongoni mwa kahawa hizo za mwituni ndimo itakamotafutwa kinga ya ugonjwa ujao na ustahimilivu wa ukame ujao. Tena mbegu ya kahawa haivumilii kuhifadhiwa kwa miaka mingi katika baridi kali kama vile mahindi au maharagwe, ambayo hutunzwa katika hazina ya mbegu ya taifa huko Muguga. Akiba ya kahawa sharti iwe miti hai, ama vituoni kama Ruiru, ama porini.

La kufanya

Hakuna anayetarajia Gatongora irudi kuwa shamba la kahawa. Watu wanahitaji makao. Lakini mji na maua si maadui, na mengi yanayowasaidia wachavushaji hayana gharama kubwa.

Kwanza, ni kuzilinda kingo za mito. Ukanda wa vichaka na miti ya asili kando ya maji ni njia ya wadudu na ndege kutoka kipande kimoja cha ardhi hadi kingine, na humwezesha chozi kuifikisha chavua ya muhuti wa huku kwa muhuti wa kule. Pale ambapo njia hiyo imekatika, miti huishia kuchavushwa na ndugu zake wa karibu tu.

Pili, mwenye shamba au bustani asinyunyize dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka, hasa asubuhi nyuki wanapokuwa kazini. Ikiwa hana budi, afanye hivyo jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani.

Tatu, asisafishe kila kitu. Nyuki wengi hawakai mizingani. Wapo wanaochimba vitundu ardhini, na wapo wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao kavu, ambao ndio wachavushaji hodari wa karakara. Kipande cha ardhi kisichotiwa saruji na gogo kavu lililoachwa uani ni nyumba tosha kwao. Anayelima mipapai inayozaa miti ya kiume na ya kike, naye akumbuke kubakisha michache ya kiume.

Nne, anapopanda miti ya kivuli au ya mapambo, aikumbuke ya asili ya mahali hapo. Mti wa kigeni huenda ukapendeza macho, lakini muhuti au mukuyu una wageni waliozoeana nao tangu zamani za kale.

Kahawa ilijifunza kuishi bila mgeni, nayo ikafika kila pembe ya dunia. Lakini ilipopatwa na maradhi, tiba ilitoka kwa jamaa zake wa Boma na Timor, na ililetwa ua baada ya ua na mikono ya wafanyakazi wa Ruiru. Si kila mmea utapata kituo cha utafiti cha kuuhangaikia hivyo. Muhuti wa kando ya mto hauna anayeuchavusha kwa mshahara. Una chozi tu, na chozi ana kile kichaka kilichosalia.